Baba Mkwe Niliyekatazwa Kuongea Naye

Nilipoambiwa kwamba nikiolewa kwenye familia ile sitaruhusiwa kuongea na baba mkwe, wala kukaa naye chumba kimoja, wala kumpa mkono, niliinamisha kichwa kwa masikitiko kama bibi harusi mwenye adabu zake. Moyoni nilikuwa nashangilia. Nusura nimuulize mshenga kama sheria hiyo haiwezi kuongezwa kidogo ili iwahusu na mashemeji.

Walimu wenzangu pale Tukuyu walinionea huruma sana. Mmoja wao, mama wa Kisukuma aliyepangiwa kazi huku kama mimi, aliguna na kusema, "Sasa utaishije na mtu uwanja mmoja, miaka yote hamsemezani? Si mateso hayo?" Nikamwambia nitajikaza tu. Ukweli ni kwamba mateso yangu mimi yalikuwa kwingine. Mimi ni mtu wa kimya. Sinuni, siumwi, siringi, na sina kinyongo na mtu. Nikikaa katikati ya watu wengi nachoka kama niliyelima, na nikikaa peke yangu nguvu zinarudi. Basi, hakuna siri nyingine. Lakini jaribu kumweleza hivyo mtu wa Rungwe! Huku salamu peke yake ni shughuli. Utaulizwa umelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe je, migomba je, mvua ya kwenu je, na ukidhani mmemaliza, mwenzako anavuta pumzi anaanza upya. Harusini unacheza kuingia na unacheza kutoka. Kanisani mgeni anasimamishwa ajitambulishe, na akisema maneno mawili akakaa, watu wanatazamana.

Wala sisingizii huku tu. Kwetu Morogoro nilizaliwa kwenye nyumba ya wapiga soga wa kutupwa, na mama yangu mzazi alikuwa akiniita "mgeni wetu", kwa sababu nilikuwa nakaa pembeni kama niliyefika jana. Siku ya harusi yangu, meza kuu, MC alisema kwenye kipaza sauti kwamba bibi harusi anaona aibu kula, hebu apigiwe vigelegele ale. Vikapigwa. Kamera ikaletwa karibu na pua. Nilikaa na tonge la pilau shavuni mpaka keki ikakatwa, halikwenda chini wala juu. Wifi zangu wakasemezana kwa Kinyakyusa kwamba mwalimu anaringa. Walidhani sielewi. Neno hilo ndilo la kwanza kabisa nililojifunza, maana nililisikia kila nilipopita.

Tukahamia Kawetele, nyumba yetu ndogo ikiwa uwanja mmoja na nyumba kubwa ya wakwe. Mume wangu akawa anakwenda kiwandani kwenye chai, mimi napanda bodaboda kwenda shuleni. Ile desturi ya mkamwana kumwogopa baba mkwe ni ya zamani, na vijana wa mjini siku hizi wanaicheka. Wapo wanaokula meza moja na wakwe zao na mbingu haijaanguka. Lakini wakwe zangu, pamoja na kwamba ni watu wa kanisa sana, hilo walikuwa hawajaliacha. Baba mkwe akitaka kupita uani, anakohoa. Nikisikia, nasogea nyuma ya jiko au naingia kwenye migomba. Akishapita natoka, naendelea na vyombo vyangu. Nilimjua kwa mgongo, kwa buti, na kwa koti la mvua la kijani. Uso wake nilikuwa nauona kwenye picha ya ukutani.

Na bado nawaambia, tulielewana. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, kila nikifungua mlango asubuhi nakuta kuni kavu zimepangwa barazani, zimechanjwa nyembambanyembamba zishike haraka. Anayekaa Tukuyu anajua kuni kavu ni nini katika nchi hii ya manyunyu. Hakuna aliyesema zimetoka wapi. Mimi nami nikipika ndizi za maziwa vizuri namtengea sehemu yake, namkabidhi mama mkwe, na bakuli linarudi limekwanguliwa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Sikuwahi kuwa na mazungumzo matamu kama hayo na mtu mzima mwingine yeyote, mume wangu anisamehe.

Mama mkwe ndiye alikuwa upande wa pili wa dunia. Yule mama anaanza kuongea kabla hajafungua macho. Akicheka, wanaopita kwenye lami wanageuka. Hapiti mtu njiani bila kuitwa, kuulizwa habari, na kupewa hata kikombe cha chai. Mwanzoni alidhani kimya changu ni ugonjwa. "Gwe mwalimu, tumbo?" ananiuliza. "Kichwa? Mume wako kakuudhi? Niambie nimchape." Nampenda yule mama, na namwogopa kidogo.

Kisha, asubuhi moja ya masika, baba mkwe akaanguka shambani. Wakambeba, wakamkimbiza hospitali, ikaonekana ni kiharusi. Aliporudi nyumbani mkono na mguu wa kulia vilikuwa vizito, na sauti haipo. Daktari alitueleza vizuri, bila kuzungukazunguka. Mzee anasikia na anaelewa kila kitu. Kumeza anaweza, chakula kikiwa laini. Apumzike, asisafirishwe, ale, na nguvu zitarudi polepole. Asipokula, hatutakuwa naye muda mrefu.

Na hakula.

Kitanda chake walikiweka sebuleni, ili wageni wapate nafasi. Jamani, watu walikuja! Na nitangulize kusema kwamba walikuja kwa upendo mtupu. Ilikuja kwaya ya akina mama, wakaja wazee wa kanisa, wakulima wenzake wa chai, ndugu wa kijiji cha Masoko, ndugu wa Mbeya. Kila mmoja aliinama kitandani na kupaza sauti kana kwamba masikio nayo yamepooza. "Baba, unanijua mimi nani? Eee? Sema basi! Sema 'aaa'!" Wifi yangu mkubwa, aliyekuja kutoka Dar es Salaam, ndiye aliyekuwa anamlisha. Sebule nzima inanyoosha shingo kuangalia kama kijiko kinaingia. Kikiingia, wanapiga makofi. Uji ukimtiririka kidevuni, watatu wanagombania kitambaa. Na mmoja yupo na simu, anarekodi, awatumie wa kwenye grupu la ukoo waone maendeleo.

Baba mkwe akafunga mdomo, akageukia ukutani. Siku hiyo, na iliyofuata, na nyingine. Mama mkwe alimbembeleza, akamkaripia, akamwimbia. Wapi! Kijiko kikigusa midomo, anauma meno. Mume wangu aliniambia kola ya shati sasa inapwaya shingoni mwa baba. Kisha mzee mmoja wa ukoo akamvuta pembeni na kumuuliza, kwa upole kabisa, kama tunajua baba alipenda alazwe upande gani wa shamba. Mume wangu aliingia ndani, akakaa kitandani na buti zake za kiwandani, akalia kama mtoto. Nilimshika mgongo. Sikuwa na la kusema, na mara hiyo niliumia kwa kukosa la kusema.

Shule ilikuwa likizo, kwa hiyo nilikuwa nashinda jikoni kuwapikia wageni. Jiko lenyewe limeegemea ukuta wa sebule, na juu kuna kidirisha tulichokiziba na gunia. Sikuweza kumwona mgonjwa, wala sikutakiwa. Lakini nilikuwa namsikia. Mtu asiyeongea ana muda mwingi wa kusikia, huo ndio utajiri wetu. Basi nikasikia kwamba kila geti likilia, pumzi yake inakuwa fupifupi. Wageni wakikaa, inabaki hivyohivyo, juujuu. Wakiaga, mlango ukafungwa, anashusha pumzi moja ndefu inayotoka tumboni. Nilisimama na mwiko mkononi. Pumzi ile naijua! Ndiyo ninayoishusha mimi nikifunga mlango wageni wakishaondoka.

Alasiri moja mvua ilikwamisha watu wote huko walikokuwa. Wifi alikuwa Tukuyu mjini kufuata dawa, na mama mkwe, aliyekuwa hajalala vizuri tangu hospitali, usingizi ukamwangusha chumbani kwake. Bakuli la ndizi zilizopondwa lilikuwa limeachwa kwenye kigoda kando ya kitanda. Mvua ikapungua, yakabaki matone ya kwenye migomba. Mimi namenya viazi. Mara nikasikia kijiko kinagonga bakuli.

Nikaacha kumenya. Kikagonga tena. Kilikuwa kijiko cha mtu anayetumia mkono asiouzoea, kinakosea, kinapumzika, kinajaribu tena. Nilisikia akimeza. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikaogopa hata kuhema. Kisha getini mtu akaita, "Hodi wenyewe!" na kijiko kikaanguka chini.

Wifi aliporudi alikuta bakuli limepungua na ndizi zimedondoka shukani. Akauliza nani amemwachia paka aingie. Paka wa watu akachapwa na ufagio, mimi naangalia.

Jioni nikamwambia mume wangu. "Baba anakula. Anakula akiwa peke yake." Akasema nisithubutu kulisema hilo mbele za watu. Namwelewa. Huku mgonjwa aliyeachwa peke yake ni mgonjwa aliyetupwa. Majirani wangeuliza familia ina nini mpaka ifukuze watu. Na mimi ni wa kuja, mwalimu anayeringa. Lakini akaniambia na jambo jingine. Wifi ameshatafuta gari. Kesho asubuhi baba anapelekwa Dar, safari ya kutwa nzima, na daktari alishasema asisafirishwe. "Dada anasema bora tujaribu kuliko kukaa tunamtazama anakwisha," akasema. Nikaona kabisa kwamba mzee akipanda gari lile hatafika Morogoro.

Usiku huohuo ndugu walikaa kikao barazani. Mimi nilikuwa mwisho kabisa, karibu na ngazi, kwenye sehemu ya mkamwana wa kuleta chai. Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Nilijua kwamba nikifungua mdomo, yule ambaye sijamsemesha tangu niolewe atasikia kila neno. Wakafika mahali pa kupanga nani ashike miguu na nani ashike mabega. Nikapiga moyo konde.

"Naomba kusema."

Vikombe vilisimama hewani. Sijui kama waliwahi kunisikia nikisema kitu kirefu zaidi ya "karibuni chai".

"Baba hajakataa chakula," nikasema. "Anakataa kutazamwa. Leo hakuingia paka. Alikula yeye mwenyewe, kwa mkono wake wa kushoto, mlipokuwa hampo wote. Hodi ilipopigwa akaacha."

Wifi akasimama. "Kwa hiyo sisi ndio tunamuua baba yetu? Kwa kumpenda?"

"Mnampenda sana, wifi. Naomba mmpende mkiwa huku uani."

Lo! Mume wangu akafumba macho. Shangazi mmoja akashika kifua. Mwenyewe nilishangaa jibu lile limetoka wapi, maana majibu ya hivyo huwa ninayo mengi lakini yanabaki ndani. Wifi akasema kwetu labda ndiko wanakotelekeza wazee, si kwao. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na mimi nikaikalia mikono yangu.

Aliyekuwa kimya peke yake, amini usiamini, ni mama mkwe. Alikuwa ananitazama tu. Wengine walipogundua kwamba yeye haongei, wakaacha mmoja mmoja.

"Umejuaje?" akaniuliza.

"Nimesikia kijiko, mama."

Akasema, taratibu, si kwa ile sauti yake ya siku zote, "Tangu anioe, huyu mtu akiwa na jambo zito anaondoka anakwenda shambani. Mimi siku zote nilidhani anakwenda kulima." Machozi yakamtoka, na hapohapo akaanza kucheka, akajifuta na mtandio, akamgeukia wifi. "Gari lisubiri."

Sasa ilibaki kazi ya kuwazuia watu bila kuwaudhi, na hapo ndipo ninaposhukuru kwamba Mungu hakuwaumba wote kama mimi. Mama mkwe alichukua kiti akakiweka pale njia inapoingia uani. Kila aliyekuja kumpa pole mgonjwa alipokelewa palepale kwa mikono miwili, akakalishwa, akasimuliwa ugonjwa wote kuanzia asubuhi ile ya shambani, akapewa chai na magimbi, akaombewa yeye na watoto wake, akasindikizwa mpaka kwenye lami. Wengi walirudi kwao wameridhika na wala hawakukumbuka kwamba mgonjwa hawakumwona. Kwaya nzima iliimbia kwenye migomba na kuondoka inacheka. Kazi ile ningepewa mimi, baba mkwe angekufa siku ya kwanza, maana mgeni wa pili tu angenikuta nimekimbia.

Kitanda kikahamishiwa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama shamba. Mlangoni wakatundika pazia. Mama mkwe anaweka bakuli kwenye kigoda, anamfunika miguu, anatoka bila kusema neno, na bila shaka kutosema neno kulimuuma kuliko kusema kulivyoniuma mimi. Bakuli la kwanza lilirudi nusu. Alilileta jikoni ameliinua juu kwa mikono miwili, tukalitazama wote wawili, na mimi, ambaye kwenye harusi yangu walinisukuma kucheza, nilicheza pale mbele ya moto, mwiko mkononi. Mama mkwe alisema hajawahi kuona mtu anacheza vibaya hivyo. La jioni lilirudi tupu.

Wifi aliondoka kwenda Dar na gari lake, nafasi ya baba ikiwa imewekwa mikungu ya ndizi na maparachichi. Hakuniomba samahani na sikuitaka. Alinikumbatia kwa nguvu, akaninong'oneza, "Mwalimu, we nawe! Umekaa kimya miaka yote hii kumbe unatusikiliza tu?" Nikamwambia ndiyo. Tukacheka. Siku hizi akipiga simu anaongea yeye, mimi naitikia, na sote tunafurahia hivyo.

Mzee akaanza kurudisha mwili. Akaketi. Akasimama kwa kushikilia dirisha. Akafika na fimbo mpaka uani, mama mkwe akimfuata nyuma ameziba mdomo wake mwenyewe kwa khanga asije akampigia vigelegele. Kitu kimoja tu hakikurudi. Hakusema. Mama mkwe alimjaribu kwa jina lake, kwa Kinyakyusa, kwa Kiswahili, kwa nyimbo walizoimba wakiwa vijana. Alikuwa anamtazama tu kwa upole. Tukaizoea hali hiyo, na tukashukuru kwamba yupo.

Siku moja kulikuwa na msiba Masoko, na mama mkwe alikuwa hana namna ya kutokwenda. Mume wangu yuko kiwandani, watoto wako shule, mimi nilikuwa na ruhusa ya nusu siku. Mama mkwe aliniachia maagizo yote huku anafunga kitenge. "Utapenyeza mkono pembeni ya pazia, utaweka kwenye kigoda, utaondoka. Mungu anaona hakuna mwingine."

Nikapika ndizi za maziwa, nikaziponda vizuri. Nikafika mlangoni, nikageuza uso pembeni kama adabu inavyotaka, nikapenyeza mkono, nikaweka bakuli, nikavuta mkono wangu. Nikageuka kuondoka.

"Kaa."

Nilidhani ni redio. Redio ilikuwa imezimwa. Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza, imelegea mwishoni, na ilitoka karibu sana, nyuma tu ya pazia. Nikasimama. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo nyumba nzima. Nilisubiri, nikidhani nimewazia mwenyewe.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa. Nilikaa palepale chini, upande wangu wa pazia, mgongo ukutani, miguu nimeikunja. Sikujibu kitu, na hakuniuliza kitu. Nikasikia anavuta kigoda. Kisha akaanza kula. Mtu aliyekuwa tayari kufa kuliko kula akiwa na mtu karibu, alikuwa anakula na mimi nipo pale, namsikia, na yeye anajua namsikia. Nilimshukuru Mungu mpaka nikaishiwa maneno ya kumshukuru, na machozi yakawa yananidondokea kwenye mikono. Alikula polepole bila haraka yoyote, na mimi sikuinuka mpaka alipomaliza.